Nafasi ya Bi. Mwanamkuu Kwenye Sinia la Ijumaa

Bi. Mwanamkuu Dadi, Mkuu wa Idara ya Fedha wa Mkondo Mifumo, anastaafu leo, Ijumaa ya tarehe 29 Agosti 2025, baada ya kuitumikia kampuni hii kwa miaka kumi na minne hapa Kibiti. Baada ya sala ya Ijumaa kutakuwa na hotuba, zawadi, picha ya pamoja, kisha pilau. Kamati ya maandalizi imekwisha kujibu maswali yake yote, hata lile la nani atamzuia Mudrick asihutubie mpaka alasiri. Limebaki moja tu, na wamenitupia mimi kwa kuwa nimekaa naye idara moja muda mrefu kuliko wengine. Bi. Mwanamkuu atakula wapi?

Mgeni atashangaa, lakini kwetu hilo si swali dogo. Tangu kampuni ilipokuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mabati, kila Ijumaa tunakula pamoja barazani, wanaume sinia lao na wanawake sinia lao, mkubwa na mdogo bega kwa bega. Bi. Mwanamkuu hajatia mkono kwenye sinia hilo kwa karibu miaka kumi. Hula ofisini kwake, mlango umeegeshwa, kwa kijiko, kutoka kwenye hotpoti ya buluu. Wapo kati yetu walioajiriwa hapa, wakaoa, wakapata watoto, na hawajawahi kumwona akitafuna.

Nitalijibu swali la kamati, ila naomba nianzie mwanzo, maana mwanzo wake ulikuwa wa furaha.

Bi. Mwanamkuu alizaliwa Mbwera, ndani ya delta, baba mkata mikoko na mama mkulima wa mpunga. Alisoma Utete, akaenda Dar es Salaam kusomea uhasibu, akafaulu mitihani yake yote ya taaluma na kufanya kazi huko miaka mingi kwenye ofisi zenye viyoyozi na mazulia. Mwaka 2011 akasikia kuna vijana Kibiti wanataka kufunga taa za jua kwenye nyumba za kijijini, mteja alipe kidogo kidogo kwa simu, na mita ijifungue yenyewe kila malipo yanapoingia. Aliacha viyoyozi na mazulia akaja kuwa mhasibu wetu wa kwanza. Jamaa zake walidhani amerogwa. Yeye alisema amechoka kuhesabu mali za watu waliokwisha kufanikiwa, anataka kuona jambo likianza.

Mwezi wake wa kwanza alikuta kampuni inalipia kodi ya seva, akamwomba Mudrick, mkuu wa watengeneza programu wetu, ampeleke akaione. Mudrick akamweleza kwamba seva haipo Kibiti wala Dar. Ipo ng'ambo, na sisi tunaipanga kupitia mtandao. Bi. Mwanamkuu akauliza ni nani kati yao amewahi kuiona kwa macho. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mudrick husimulia kisa hiki kila tukipata mgeni, na hucheka mwenyewe kabla hajafika mwisho, lakini sehemu ya pili huwa anaiacha. Sehemu ya pili ni kwamba yule mama alimkalisha chini alasiri baada ya alasiri, akimuuliza kila neno asilolijua bila haya, mpaka akaweza kumweleza mama yake kwa simu, kwa Kindengereko, seva ni kitu gani. Baada ya hapo ndipo akauliza kwa nini tunapanga seva kubwa kiasi hicho, kama nyumba yenye vyumba vitupu. Vyumba vikapunguzwa. Kutoka siku hiyo Mudrick hakuanza kitu kipya bila kwenda kwanza kukipitisha kwenye maswali yake, na alikuwa akitoka mle akijipangusa jasho.

Kuna mwaka wateja wengi wa delta waliacha kulipa kwa wakati mmoja. Kwenye kompyuta walionekana wadaiwa sugu, na Bi. Mwanamkuu mwenyewe alitia saini mita zao zifungwe. Saini ilimsumbua. Akapanda boti Nyamisati akaenda kuwauliza. Akakuta milango imefungwa na vijiji viko kimya: watu wamehamia mashambani, wamelala kwenye madungu kulinda mpunga, na taa za nyumbani hazimwangazii mtu. Aliporudi aliiambia bodi, kabla hata hawajafungua maji ya kunywa, kwamba amekosea, na akapendekeza malipo yafuate msimu. Mimi nilikuwa mgeni kazini. Nilidhani mtu akikubali kosa mbele ya bodi hufukuzwa. Kumbe bodi ilianza kumwamini siku ile.

Vijana wanaotoka vyuoni huniuliza ni sifa gani zinatakiwa kwa mtu wa fedha kwenye kampuni ya teknolojia. Wanatarajia nitaje hesabu. Hesabu siku hizi hata simu inajua. Huwa nawaambia: udadisi usioona haya, ulimi unaoweza kumweleza fundi mambo ya bodi na bodi mambo ya fundi, utulivu wa kupanga mwaka ambao hakuna anayejua utakuwaje, na moyo wa kusema nimekosea. Wanaandika. Ipo nyingine ambayo sijawahi kuwaambia, kwa sababu sijapata namna ya kuisema wasikimbie. Basi niiseme leo, kwa kisa cha sinia.

Zamani Bi. Mwanamkuu alikuwa wa kwanza kunawa. Alikaa upande wa mlango, na pembeni yake alikaa Salama Abubakary, mkuu wetu wa mauzo. Walikuwa chanda na pete. Salama ni mcheshi, mwenye sauti ya kuuza hata kivuli, na Bi. Mwanamkuu alicheka na Salama kicheko ambacho hatukukisikia akicheka na mtu mwingine.

Ijumaa moja ya mwaka 2015, miezi michache baada ya Bi. Mwanamkuu kukabidhiwa idara nzima, Salama aliinua tonge akalisimamisha hewani, akaomba pikipiki mpya kwa ajili ya mawakala wake. Aliomba kwa utani, mbele ya sinia zima. Na mtu wa kwetu anajua: mkono wako ukiwa chakulani pamoja na mkono wa mwenzio, "hapana" haitoki. Inakwama kooni na wali. Bi. Mwanamkuu akasema sawa. Tukapiga vigelegele, tukarudi kwenye kachumbari.

Pikipiki zilitoka kwenye fungu la betri za akiba, maana fungu jingine halikuwepo. Masika ilipoingia, betri za zahanati moja ya kijiji ndani ya delta zikafa, na sisi hatukuwa na za kubadilisha. Zahanati ile ilikaa gizani majuma kadhaa. Mama mmoja alijifungua humo, mkunga akiwa ameibana simu kwa meno ili apate mwanga. Mama na mtoto walisalimika, alhamdulillahi. Bi. Mwanamkuu alikwenda mwenyewe, akakaa na yule mkunga, akarudi. Hakumfokea mtu. Hakumlaumu Salama hata kwa jicho. Ijumaa iliyofuata akaja na hotpoti, akaegesha mlango.

Hakutoa maelezo, kwa hiyo tuliyatunga sisi. Wako waliosema cheo kimempanda kichwani. Wako waliosema anaogopa kulishwa kitu. Mudrick alidai daktari amemkataza mafuta. Yeye aliyasikia yote, maana mlango ulikuwa umeegeshwa tu, haukufungwa.

Salama peke yake hakutunga neno. Na hotpoti ile, kwa taarifa ya wasiojua, ilikuwa ya Salama. Kila Ijumaa kabla sinia halijatengwa, yeye ndiye aliyeijaza, akachagua mfupa wenye uboho, akagonga mlango wa Bi. Mwanamkuu mara moja, akaiweka mezani na kuondoka. Waliendelea kula chungu kimoja, mmoja ndani na mmoja barazani, kwa miaka.

Siri za kazi hii ni nzito, wenzangu. Mtu wa fedha huijua kesho ya kampuni kabla ya wenye kampuni. Anajua mradi gani utakufa ilhali wenyewe bado wanauchorea nembo. Anapishana na mtu kwenye korido, anaulizwa habari za nyumbani, anajibu njema, na moyoni ana jambo la mtu huyo ambalo hana ruhusa ya kulitoa. Mwaka 2020, corona ilipoingia, wawekezaji walifunga mikono. Bodi ikaamua nafasi zipunguzwe, na Bi. Mwanamkuu akatakiwa kuonyesha ni zipi kampuni haiwezi kuzibeba tena. Akaambiwa neno lisitoke mpaka siku yenyewe. Nafasi ya mkuu wa mauzo ilikuwa mojawapo. Ramadhani ikaingia, ikaisha. Jioni zote zile Salama alituma futari ndani ya hotpoti ya buluu, uji na tambi na mihogo ya nazi, kwa kuwa alijua rafiki yake ni mjane, anaishi peke yake, na watoto wake wako mbali.

Siku barua zilipotolewa nilikuwa kwenye meza yangu, hatua chache kutoka mlango ule. Salama aliingia na barua mkononi. Hakupiga kelele, yeye ambaye sauti yake ilijulikana mpaka stendi.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

Bi. Mwanamkuu angeweza kudanganya. Alisema tangu kabla ya mwandamo wa mwezi wa Ramadhani.

"Na futari yangu ukaila," Salama akasema, akatoka.

Tangu hapo hawajaongea. Kibiti si mji mkubwa, na kutoongea na mtu miaka mitano katika mji kama huu kunataka juhudi ya pande zote mbili. Wamekutana misibani na kwenye harusi, mmoja akaingia kwa mlango wa mbele na mwingine akatokea uani. Hotpoti ilibaki kwa Bi. Mwanamkuu, kwa sababu kuirudisha kungetaka kuongea. Akawa anaijaza mwenyewe nyumbani, wali mkavu na samaki wa jana, na Ijumaa akaendelea kuila nyuma ya mlango ambao sasa hakuna aliyeugonga.

Lipo jambo ambalo Salama hakulijua, na mwenyekiti wa bodi ameniruhusu nilitaje. Kwenye kikao kile Bi. Mwanamkuu aliomba mshahara wake ukatwe ili nafasi ya Salama ibaki. Bodi ilikubali kuukata, na nafasi ikaondoka vilevile, maana pengo lilikuwa kubwa kuliko mshahara. Aliendelea kufanya kazi kwa mshahara ule uliokatwa mpaka kampuni ilipopata nafuu, na hakumwambia mtu. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia Salama, hata baadaye. Akasema hiyo ingekuwa kumuuzia msamaha.

Mwaka jana mafuriko yalipoingia bondeni, wateja wetu wengi walipoteza paneli, betri na nyumba zenyewe. Kampuni nyingine ingekunja jamvi. Sisi tulikuwa na akiba, ile ambayo Mudrick aliipa jina la sanduku la bibi, iliyojengwa kwa kila "hapana" tuliyopewa na kuinung'unikia: viti vipya hapana, safari ya Arusha hapana, gari la pili hapana. Sanduku likafunguliwa. Tukarudisha taa vijijini bila kumpunguza hata mtu mmoja. Siku ya kupongezana, timu ya uwandani ilibebwa juu juu barazani, na walistahili. Niliingia ofisini kumwita Bi. Mwanamkuu. Nilimkuta anakula, ameupa mlango mgongo. Akanipungia kijiko niende nikashangilie.

Hiyo ndiyo sifa ambayo sijapata kuwaambia vijana. Kazi hii inahitaji mtu anayeweza kupendwa kidogo kuliko anavyostahili, na asubuhi akarudi. Inauma kuiandika. Yeye ameiishi, na mimi niliyekaa jirani na mlango ule najua kwamba haikumzoea wala yeye hakuizoea.

Sasa nalijibu swali la kamati.

Juma lililopita nilikwenda nyumbani kwake. Nikamkuta anafua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Nikamwambia kamati inataka akae kwenye sinia. Akanikaribisha chai, kisha kwa mara ya kwanza akanieleza habari ya pikipiki na zahanati, kwamba siku ile aligundua mkono wake hauwezi kula na kunyima kwa pamoja, basi akachagua.

"Mkono umeshazoea kijiko, mwanangu," akasema. "Nikikaa nao nitamwaga wali, watu wacheke. Na Salama mmemwita?"

Tulikuwa tumemwita, kwa kuwa ndiye anayepika. Tangu aondoke hapa Salama amefungua jiko lake kando ya barabara kuu, na hakuna shughuli Kibiti inayoitwa shughuli bila pilau lake. Nilipomwendea kuagiza sikumficha pilau hilo ni la nani. Akaendelea kuchambua mchele. "Mie sina ugomvi na mchele," akasema. "Semeni sufuria ngapi." Hapo ndipo nikamweleza habari ya mshahara. Aliuchambua mchele uleule mara ya pili, na mimi nikaaga.

Juzi Jumatano Bi. Mwanamkuu alinikabidhi ofisi, maana kuanzia Jumatatu mimi ndiye nitakayekaa kwenye kiti kile. Alinipa funguo, akanionyesha kila kitu mpaka dirisha lisilofunga vizuri, akafuta meza, akatoka bila kugeuka. Hotpoti ya buluu ilibaki juu ya kabati. Nilikaa nikaitazama. Sikujua ameisahau, au ameniachia mimi, au ameacha irudi kwa mwenyewe. Nilipima nikaona la tatu ndilo salama kwangu, nikaibeba mpaka jikoni barabarani.

Salama aliipokea kwa mikono miwili. Akaifungua, akainusa, akaiosha kwa maji moto ingawa ilikuwa safi, akaifuta, akaiweka kwenye rafu ya juu kabisa ambako mtu hafiki bila kigoda. Alikuwa analia na hakujificha.

"Ijumaa hii hotpoti haina kazi," akasema. "Mwambie akae pale pale pake. Mie nitakaa pangu."

Sikuthubutu kumwomba aishushe Jumatatu. Labda mimi nitapata njia nyingine, nile na watu na bado niseme hapana. Labda sitapata, na siku moja mtaniona na hotpoti yangu, mniite mwenye maringo. Mkifanya hivyo, nawaomba mtu mmoja agonge mlango.

Bi. Mwanamkuu, nafahamu unausoma wasifu huu ukiwa umekaa kiti cha mbele, miwani puani, unatafuta makosa. Kwa niaba ya Mkondo Mifumo, na ya nyumba nyingi za delta zenye taa ambazo hazijui jina lako, tunakushukuru. Tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa na kesho ya mtu mwingine, na wageni wengi mlangoni.

Sinia la wanawake litatengwa barazani. Salama atakuwa pake, na upande wa mlango pameachwa wazi. Nimekuwekea kijiko hapo, mkono ukigoma. Wali ukimwagika, umwagike. Kuanzia leo huna tena cha kumnyima mtu yeyote hapa. Nawa, mama, uje ule.

Faudhia Abbasi
Idara ya Fedha